Mgonjwa wa Baba Mwanaidi

Mwanamume aliyezeeka na injini za matishari hawezi kukaa barazani na kikombe cha kahawa akaridhika. Mume wangu, Baba Mwanaidi, alipostaafu bandarini alianza na feni, feni ikapona. Akaingia kwenye pasi, nayo ikapona, ila tangu hapo ina kisirani na kola za mashati. Akafuata redio ya mama yake, ambayo sasa inashika stesheni moja tu, na ni ya Mombasa. Vibovu vilipomwishia akaanza kuvitazama vizima, na ndipo macho yake yalipopanda juu ya kabati la mama mkwe wangu yakamkuta Gereta.

Gereta ni mwanasesere. Ana kichwa cha kauri, mdomo uliofunuka kidogo ukaonyesha meno manne ya juu, na macho ya buluu yanayofumba akilazwa. Siku hizo lilikuwa linafumba moja. Aliingia kwenye ukoo wa mume wangu kutoka shamba la mkonge upande wa Muheza, ambako bibi yake alikuwa yaya. Wenye shamba walikuwa Wajerumani, miongoni mwa wale ambao Waingereza waliwaruhusu kurudi Tanganyika kuanzia mwaka 1925. Vita vilipozuka mwaka 1939 wakakusanywa, mashamba yao yakashikwa na serikali, na katika kufungasha kwa haraka mtoto wa nyumba ile akamwachia yaya mwanasesere wake amtunzie. Hakurudi kumchukua. Nadhani jina la kweli lilikuwa Grete, lakini Muheza ilishalimaliza kabla mama mkwe hajazaliwa.

Basi Gereta akakaa juu ya kabati zaidi ya miaka 80. Akahama Muheza kuja Ngamiani, hapa Tanga, akauona uhuru, akaliona Azimio la Arusha, akaziona foleni za sukari, asidai kitu. Ni kweli kwamba nondo walikuwa wamemla nywele za upande wa kulia, na mpira unaoshikanisha viungo ulikuwa umelegea, miguu ikining'inia kivivu. Lakini kichwa hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Huyu anataka ovaholi," Baba Mwanaidi akasema.

"Anataka kuachwa," mama mkwe akamjibu.

Yeye akasikia "anataka."

Usingizi ukamruka. Usiku kucha anatazama video kwenye simu, asubuhi anatumwagia habari juu ya chai na mihogo. Kumbe Lisbon iko hospitali ya wanasesere tangu mwaka 1830, pale Praça da Figueira. Naples iko nyingine, iliyoanza mwaka 1895 kwa mtu aitwaye Luigi Grassi, fundi wa mapambo ya jukwaani, ambaye watu walianza kumletea wanasesere waliovunjika baada ya kuona mikono yake inavyofanya kazi. Macho yana droo zake, mikono ina droo zake. Mgonjwa anapokelewa, anaandikwa, anasubiri zamu.

"Mimi presha imenipanda tangu Ramadhani," mama mkwe akasema, "hujaniuliza hata mara moja nimeandikwa wapi."

Jumamosi meza ikatolewa chini ya mwembe. Daktari alivaa koti la maabara la Mwanaidi, la tangu sekondari, lililomkaa kwapani. Watoto wa mtaa wakajipanga ukutani. Na sitamdhulumu mume wangu: alianza vizuri, vizuri kabisa. Alimvua kichwa kwanza kabla ya kugusa kitu kingine chochote, akakilaza juu ya taulo lililokunjwa, kwa sababu kauri ndiyo roho ya mwanasesere wa aina hii na mwili unaweza kufuata baadaye. Akaibandua wigi polepole. Chini yake kulikuwa na kifuniko cha kadibodi, na chini ya kifuniko utosi ulikuwa wazi, maana hapo ndipo mlango wa kuingizia macho kiwandani. Akatia tochi ndani ya kichwa, akakizungusha. Ufa wa kauri, hata mwembamba wa kiasi gani, ukimulikwa kwa ndani hujichora. Hatukuuona. Watoto wakapiga makofi. Na nyuma ya shingo, sehemu iliyofichwa na nywele, kulikuwa na maandishi: Armand Marseille, Germany, 390.

Hapo tukapata somo ambalo nililipenda, ingawa sikumwambia. Huyo Armand Marseille ana jina la Kifaransa, alizaliwa katika milki ya Urusi, akaweka kiwanda Köppelsdorf, jirani na Sonneberg, kule Thuringia, Ujerumani. Miaka hiyo Sonneberg ilikuwa mji wa vitu vya kuchezea kama Tanga ilivyokuwa mji wa mkonge: nyumba nzima nzima, baba, mama na watoto, wakishona viguo, wakipaka rangi mashavu, wakibandika nywele kwa ujira wa kupimiwa. Na mbona kichwa cha Mjerumani kimeandikwa kwa Kiingereza? Wanunuzi wakubwa walikuwa Wamarekani, na sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilitaka kila bidhaa ya nje iandikwe nchi ilikotoka. Mtoto wa Muheza akachezea kitu kilichopigwa chapa kwa ajili ya forodha ya New York.

Habari kwamba kumepatikana maandishi zilifika Korogwe kabla ya magharibi. Shemeji akapiga simu kuuliza afya zetu, kitu ambacho hakukifanya nilipokuwa nimelazwa. Shangazi akaja na mkoba, akakaa, akamtazama Gereta asiye na kichwa, akasema kwamba marehemu bibi alimwahidi yeye. Mama mkwe akamuuliza, "Alikuahidi ukiwa na umri gani? Maana alikufa wewe unatambaa." Suala la mirathi likaendelea mpaka Baba Mwanaidi mwenyewe alipotufungulia ukweli alioukuta usiku: namba 390 ni kalibu iliyotumika tangu mwanzoni mwa karne ya 20 na kuendelea kwa miaka mingi, na vichwa vyake vilitoka kwa wingi kuliko karibu vyote vya aina yake. Wakusanyaji wanaye kila mahali. Bei yake mara nyingi haifiki ya simu mpya. Shangazi alikunywa chai yake akaondoka na basi la alasiri.

Sasa tuje kwenye beseni.

Uso aliusafisha kwa pamba yenye unyevu kidogo, na vumbi la miaka lilipotoka tukaona mashavu ya waridi na kope zilizochorwa moja moja, mbichi kabisa. Kauri ile haina mng'ao wa sahani. Inachomwa kwenye tanuri joto la nyuzi zaidi ya 1,000, halafu inapakwa rangi, kisha inarudishwa motoni kwa joto la chini zaidi rangi ishike. Rangi iliyoshikwa na moto haiogopi pamba. Ushindi huo ndio ulioharibu kila kitu. Mtu akiona uso umetakata anataka na miguu itakate, na Baba Mwanaidi akaviingiza viungo vyote kwenye beseni langu la kufulia, akanyunyiza sabuni ya unga, akasema vilowe kidogo, akaenda kuswali Adhuhuri. Baada ya swala kulikuwa na kahawa. Baada ya kahawa kulikuwa na mjadala wa Coastal Union.

Mwili wa Gereta haukuwa kauri. Baadhi ya viungo ni mti uliochongwa, lakini kiwiliwili, viganja na miguu ni rojo la unga wa mbao, karatasi na gundi, lililoshindiliwa kwenye kalibu, likakaushwa, likapakwa rangi na vanishi. Rojo hilo likikaa kavu linaishi kuliko aliyelitengeneza. Likiingia maji, gundi inakumbuka kwamba ni gundi. Nilipotoka uani nilikuta maji yamekuwa mazito, rangi ya mwili inaelea juu vipande vipande, na mkono wa kuume wa Gereta umevimba. Nilipounyanyua, vidole viwili vilibaki ndani ya beseni. Nikavitafuta kwa chujio la nazi nikapata uji.

Nilifunika beseni kwa ungo. Si kwa ajili ya Gereta. Nilitaka mama mkwe asipite.

Akapita. Akafunua. Akamngoja mwanawe mlangoni, mzee wa miaka zaidi ya sitini na mjukuu juu, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, "Waingereza hawakumfanya kitu. Mende hawakumfanya kitu. Nimekuzaa mimi."

Jioni ile alizungumza sana, si kawaida yake. Akasema utotoni mwanasesere wake yeye lilikuwa gunzi la hindi lililovikwa kitambaa, na kokwa la embe lililochanwa nyuzi zake zikawa nywele. Likivunjika unakwenda shambani kuchukua jingine, halihitaji daktari. Akataja na mwana hiti wa Wazaramo, kile kijinyago cha mti kisicho na mikono wala miguu alichokuwa akipewa mwali akiwa ndani, akipake mafuta na kukitunza mpaka atoke. Kile, alisema, kilitengenezwa na watu wenye akili: hakina kidole cha kunyofoka. Gereta hakuwahi kuwa mwanasesere wa kuchezewa nyumbani kwao. Mama yake alimweka juu kwa sababu alikuwa wa mtu mwingine, ameachwa apate kurudishwa.

Baada ya maneno hayo Baba Mwanaidi alinyamaza, nami nikadhani ovaholi imekwisha. Siku iliyofuata nikamkuta kwenye karakana ya fundi seremala nyuma ya nyumba yetu, viungo vimefungwa ndani ya taulo.

Fundi huyu ni mtu wa maneno machache. Alivitazama, akavinusa, akauliza nani kavilowesha. Akaambiwa. Akasema, "Haya." Kisha akatoa amri ambazo daktari wetu alizitii bila kubisha, jambo ambalo katika ndoa yangu sijalishuhudia. Visianikwe juani, vitapasuka. Vikae kivulini penye upepo, vikauke kwa muda wao, hata kama ni wiki kadhaa, maana hewa ya Tanga ina bahari ndani yake. Kilichobanduka kisirudishwe kabla ya kilicho chini yake kukauka. Na ile supaglu aliyoishika mkononi aipeleke ikashike soli za viatu, kwa sababu gundi isiyobanduka inamziba njia fundi atakayekuja baadaye.

Vidole vilirudi hivi. Fundi alikata waya mwembamba wa shaba ukawa mfupa, akautia kwenye kiganja, kisha akachekecha unga wa mbao laini kabisa, akauchanganya na gundi nyeupe ya mbao mpaka ukawa rojo zito. Akapaka tabaka jembamba, akangoja. Tabaka jingine, akangoja. Halafu msasa, ule wa chembe ndogo, kwa ncha ya kidole. Mume wangu alipewa kazi ya kusubiri, na kwa mara ya kwanza akaifanya. Rangi waliitafuta kwenye kifuniko cha kopo, wakichanganya tone kwa tone, wakaipaka pale palipokuwa pamebanduka tu. Pale palipokuwa na rangi ya Ujerumani hawakupagusa, hata penye mikwaruzo. Fundi alisema kazi yake ni vidole viwili na ngozi iliyoondoka. Mengine yana mwenyewe.

Wakati huo huo nyumbani kulikuwa na suala la nywele.

Wigi ya Gereta ni ya singa za mbuzi wa Angora, na singa za mbuzi ni chakula cha nondo. Wataalamu wa makumbusho hukabili wadudu wa aina hiyo kwa baridi kali: kitu kinafungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa, kinawekwa kwenye friza kwa muda, mayai na viwavi vinakufa. Njia safi, haina dawa. Ubaya wake ni kwamba friza ya nyumba yetu ndiyo ninayouzia barafu za ubuyu. Baba Mwanaidi aliiweka wigi kule chini bila kuniambia. Mtoto wa jirani akaja na hela yake, nikamwambia ajichukulie mwenyewe, nikasikia kimya, kisha ukelele. Alitoka ameshika mfuko wenye nywele za dhahabu.

Mtaa wetu unafahamu maelezo mengi ya nywele za binadamu ndani ya friza, na hakuna hata moja linalohusu nondo. Wiki ile sikuuza barafu. Mama yake yule mtoto alinipita njiani akiisoma Ayatul Kursi. Ilibidi nimpeleke Gereta mwenyewe, kichwa kwenye taulo, nyumba kwa nyumba, nieleze, na kila nyumba niliyotoka nilijua nimeiacha na wasiwasi zaidi kuliko nilivyoikuta. Baba Mwanaidi naye, badala ya kutulia, akafikiria upande wa kichwa ulioliwa. Kama Angora ni mbuzi, alisema, mbuzi hata Makorora wapo. Alikamatwa na mwenye beberu akiwa amemshika ndevu, mkasi mkononi.

"Mzee," yule bwana akamwambia kwa adabu zote, "shikamoo. Beberu wangu kakukosea nini?"

Sikuwapo alipojibu, ila najua kwamba alirudi bila ndevu za mtu.

Ikabaki kuunganisha. Wanasesere hawa hushikanishwa na kamba ya mpira: moja inatoka kwenye kulabu ya shingo, inapita tumboni, inashika miguu miwili, nyingine inavuka kifua kutoka mkono hadi mkono. Ikilegea anaanguka. Ikikaza mno, kichwa kinajigonga kwenye shingo na kauri inameguka. Duka la vifaa vya ushonaji lilikuwa na lastiki ya mviringo, nzuri, ya bei ndogo. Mzee wa matishari akaona haina nguvu. Akatumia mpira wa manati.

Nilikuwa jikoni uani, mchuzi wa papa unaanza kushika nazi. Zuhura, mjukuu wetu, amekaa kwenye kibao anachambua mchele. Babu yake anavuta kulabu kwa koleo, mguu mmoja ameukanyagia ukingo wa meza, jasho linamtoka. Kulabu ikateleza. Paja la kushoto likachomoka, likapita juu ya kichwa cha mtoto, likaingia kwenye sufuria bila kugusa ukingo.

Zuhura akasema, "Babu, rudia!"

Bahati ni kwamba mapaja yake ni mti mtupu, hayayeyuki. Lakini bizari ni bizari, na paja la kushoto la Gereta lina rangi yake ya peke yake. Mchuzi tuliula. Papa hakuwa na kosa. Jioni nikatuma mtu akanunue ile lastiki ya dukani, na kichwa hakikurudishwa mpaka mama mkwe alipokata kipande cha ngozi laini cha mkoba wake mkuukuu kikawekwa shingoni, kauri isikutane na mwili mgumu.

Macho yalimshinda Baba Mwanaidi. Yamefungwa pamoja kwenye kijiwaya chenye uzito wa risasi kwa chini: akilala, risasi inavuta na kope zinashuka. Huko ndani hushikiliwa na plasta, na plasta ya upande mmoja ilikuwa imemomonyoka. Akaiweka upya, kidogo mno upande huu, nyingi mno upande ule, na matokeo ni kwamba Gereta akilazwa jicho la kulia linafumba kwanza, la kushoto linafikiria. Mama mkwe anasema anakonyeza. Alipoambiwa kwamba wanasesere wenye macho hayo huhifadhiwa wakilala kifudifudi, ili uzito ule usiivute plasta, alikataa katakata. Hakuna mtoto wa watu atakayelazwa kifudifudi nyumbani kwake. Gereta anakaa kitako, juu, mbali na mikono ya Zuhura, ambaye ameambiwa kwamba risasi ni sumu na haamini.

Jaribio la mwisho lilikuwa la mashavu. Nilimkuta Baba Mwanaidi ameketi na brashi na kopo la rangi nyekundu, anasema kidogo tu, aonekane mchangamfu. Nikamnyang'anya brashi. Mama mkwe akachukua kopo. Mwanaidi, ambaye alikuwa amekuja kudai koti lake, akachukua kichwa. Tangu hapo kila chombo chenye kope ndani ya nyumba hii kiko chini ya ulinzi wa wanawake.

Nywele za upande ulioliwa hazikuongezwa. Mama mkwe alimfunga ushungi mdogo wa kanga, zikabaki zinaonekana zile nzuri za mbele, na kutokana na kipande kile kile akamshonea gauni kwa mkono. Gauni la asili, lile jeupe la pamba, limefungwa kwenye karatasi lilivyo, halijafuliwa wala halitafuliwa. Gereta amerudi juu ya kabati akiwa na vidole kumi, paja la bizari na jicho linalofikiria. Hukumu yangu, kwa anayeitaka, ni kwamba vidole vya fundi ni vizuri kuliko vya Köppelsdorf, na kwamba visingehitajika.

Kilichobaki ni viatu. Vile vyake vya ngozi viliingia kwenye beseni pamoja naye na havikutoka. Mwenye jozi ya zamani ya mwanasesere, yenye urefu wa sentimita sita hivi, tutainunua. Alete kwa mama mkwe au kwangu, ndani ya mfuko usioonyesha, na ikiwa ina kasoro yoyote, tafadhali, asimwambie Baba Mwanaidi.